Sabbath wamerudiana, wa nne yuko wapi?

Haya wapenzi wa kona hii, wiki hii tunaliacha dansi lipumzike, tunakwenda kwa wazee wa gita zito. Najua wapo mtakaosema roki ni kelele za vichaa. Tulieni kwanza! Stori hii ni ya watu walioachana wakaja kurudiana, na mjini hapa nani hajawahi kuambiwa "turudiane"?

Wenyewe ni Black Sabbath, vijana wanne wa Aston, mtaa wa walalahoi huko Birmingham, Uingereza. Ozzy Osbourne kwenye sauti, Tony Iommi kwenye gita, Geezer Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye dramu. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970, muziki mzito kama zege.

Na uzito ule una kisa chake. Iommi akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili. Mwingine angeuza gita akanywe bia. Mshkaji akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga. Baadaye akawa analegeza nyuzi ili asipate tabu kuzibonyeza, sauti ikashuka chini kabisa. Ndiyo hiyo dunia nzima inaiga mpaka leo.

Mwaka 1979 Ozzy akatimuliwa. Ulevi na madawa vilikuwa vimezidi, ingawa siyo siri, hata wenzake hawakuwa malaika. Mwaka 1997 wakaanza kurudi jukwaani pamoja, lakini albamu mpya hakuna. Hadi Novemba 11, 2011, wote wanne wakakaa meza moja kule Los Angeles na kutangaza: tumerudi, na tunaingia studio.

Basi bwana, miezi mitatu haikuisha. Januari 2012 Iommi akatangazwa kuwa na saratani. Mwezi uliofuata Bill Ward akasema mkataba aliopewa hauwezi kusainiwa, akabaki nje. Watatu wakaendelea, Iommi akirekodi huku anatibiwa. Kwenye dramu akakaa Brad Wilk wa Rage Against the Machine. Juni 2013 ikatoka albamu inayoitwa "13", ya kwanza ya studio kwao na Ozzy tangu mwaka 1978. Miaka 35, jamani! Kuna watu wamezaliwa, wameoa na wameachika humo katikati.

Sasa twende kwenye ngoma yenyewe. Nimeisikiliza mara nyingi, tena taa zikiwa zimezimwa, na nasema bila kupindisha: gita la Iommi ni bomba. Huwezi kuamini kwamba anayepiga ni mgonjwa. Kibao cha kwanza kina zaidi ya dakika nane na hakina haraka, kinakuja kama lori lenye shehena linalopanda mlima. "Zeitgeist" ni la kupoza moyo, na kwenye "Damaged Soul" Ozzy anapuliza kinanda cha mdomo hadi raha. Uingereza ilishika namba moja, jambo ambalo hawakulipata tangu mwaka 1970. Marekani ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa.

Lakini kuna kitu kinakosekana. Wilk anapiga vizuri, sawasawa kama saa ya ukutani. Bill Ward yeye alikuwa akicheza na mapigo, anachelewa kidogo, anakimbia kidogo, kama mtu anayetembea na rafiki zake. Hicho hakikodishwi. Mashabiki waligawanyika: wengine wakasema watatu wanatosha, wengine wakagoma kuinunua. Mimi niko katikati. Albamu ni kali, lakini ni ndoa iliyorudiwa huku mtoto mmoja amefungiwa nje ya mlango.

Albamu inaishia na mvua, radi na kengele, vilevile ilivyoanza ile ya mwaka 1970. Wazee walikuwa wanafunga duara. Ila duara lenyewe lilifungwa Julai 5, 2025, kwenye uwanja wa Villa Park, palepale Aston. Safari hii Ward alikuwepo! Wote wanne jukwaa moja, Ozzy akiimba amekaa kwenye kiti kwa sababu ya maradhi. Wakapiga vibao vinne tu. Siku 17 baadaye, Ozzy akafariki.

Vibao vinne, basi. Studio hawakuingia tena wote, na sasa haiwezekani.

Kwa hiyo wewe kaka, wewe dada, mwenye ugomvi na mwenzako kwa ajili ya pesa au karatasi, kamalizeni wiki hii. Msisubiri kiti.

Tukutane Ijumaa ijayo, panapo majaliwa.