Dalali akibisha hodi, muulize karatasi

MAVUNO yakishaingia ghalani, wadai nao huingia uani. Kwa mkulima wa mpunga au mama lishe aliyekopa miezi ya njaa, pikipiki inayosimama mlangoni siku hizo huwa na vijana wanaojiita madalali, na neno lao la kwanza ni polisi.

Neno hilo huwatisha wengi, ingawa mara nyingi halina nguvu. Kwa sheria za Tanzania, kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa na mahakama baada ya hukumu, si kwa simu ya mkopeshaji kwa askari anayemfahamu. Aliyeghushi hati ili apewe mkopo ana kesi nyingine.

Mkopeshaji asiye na dhamana iliyoandikwa hana budi kwenda mahakamani kwanza. Dalali wa mahakama huja na amri yenye mhuri, na mdaiwa ana haki ya kuisoma. Hata akiwa na amri, Sheria ya Mwenendo wa Madai inamkataza kukamata vitanda, vyombo vya kupikia, nguo za lazima, na kwa mkulima, zana na mbegu anazohitaji ili aendelee kuishi kwa kilimo.

Ardhi iliyowekwa rehani ni suala tofauti, kwani inaweza kuuzwa bila kesi. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi inataka mdaiwa apewe notisi ya siku 60, na Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Mtego mkubwa vijijini, hata hivyo, si mnada. Ni ile karatasi ya "mauziano". Mkopeshaji wa mtaani anajua rehani ina masharti mengi, hivyo humtaka mkopaji asaini kwamba amemuuzia shamba, mashahidi wakiwepo, kwa ahadi ya mdomo kwamba karatasi itachanwa deni likiisha. Deni likichelewa, mkopeshaji haji kama mdai, anakuja kama mwenye shamba. Kuieleza mahakama kwamba maandishi hayo yalikuwa mkopo ni kazi ngumu, maana maandishi huwa na uzito kuliko maneno. Afadhali kukosa mkopo huo kuliko kusaini.

Kuhusu riba, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, awe kampuni au mtu binafsi. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa Sh 300,000, hiyo ni Sh 10,500. Anayetoza asilimia 30 anachukua Sh 90,000 kila mwezi, na mtaji wake bado haujaguswa. Jina la kausha damu halikutoka hewani.

Wapo pia wanaokopesha kwa simu, kisha wakawatumia ujumbe wa aibu shemeji, mchungaji na wateja wa mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kusambaza deni la mtu namna hiyo kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ujumbe wa aina hiyo usifutwe, kwani ndio ushahidi wa kupeleka Benki Kuu au kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya.

Haya yote hayafuti deni halali. Mikopo mingi hudai marejesho kila wiki wakati shamba hulipa mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo mkulima huanza kukwama. Wakati mzuri wa kuomba ratiba mpya ni kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, tena kwa barua, nakala ibaki nyumbani. Malipo yapitie benki au simu kwenda namba iliyo kwenye mkataba. Kijana wa pikipiki akitaka fedha taslimu, aandike stakabadhi kwanza. Akikataa, aondoke bila kitu.