Watafiti, hesabuni na mazutu ya puits

Wataalamu wa uchumi wa umeme wakipita huku kwetu, maswali ni yaleyale: nyumba yako iko na courant? Unalipa ngapi kwa mwezi? Ni maswali mazuri, lakini ni ya wenye compteur. Kamituga, Misisi, wangapi wako nayo?

Umeme wa mchimbaji unakaa ndani ya bidon. Litre moja ya mazutu katika groupe inatoa karibu kilowatt-heure 3, na mashine ikizeeka, hata 2. Chukueni bei ya litre kwenye carrière yenu, siyo ile ya Bukavu, mugawe kwa 3. Kisha mulinganishe na facture ya SNEL ya ndugu yenu wa Kadutu. Mtaona wenyewe nani anakula umeme wa bei kali. Na anayelipa si PDG peke yake: kabla ya kugawa mawe, anatosha kwanza garama ya motopompe na mazutu, kinachobaki ndicho tunagawana. Mazutu ikipanda, sehemu ya mchimbaji inashuka.

Maji hatukosi. Ruzizi ya kwanza inazunguka tangu miaka ya 1950, ya pili tangu 1989, tunaigawana na Rwanda na Burundi. Ruzizi III imepangwa kutoa megawatt 206, kwa nchi hizohizo tatu. Sheria ya tarehe 17 juni 2014 iliondoa SNEL kuwa peke yake sokoni, na kule Rutshuru turbine za Matebe zilijengwa bila yeye.

Lakini tusidanganyane. Courant ya bei rahisi ikifika carrière, itavuta maji ndani ya puits, na itazungusha pia ma-concasseur. Mama twangaise, mwenye kutwanga mawe kwa mkono kutwa nzima ili alipe minerval ya watoto, atafanya nini? Ugomvi juu ya mashine hizo Kamituga inaujua. Kwa mwanauchumi, mashine ni faida: unga mwingi, saa chache. Kwa yule mama ni chungu kilicho kitupu. Yote mawili yaandikwe kwenye karatasi moja, mbele ya kuweka bei.

Ninyi wa vyuo vikuu vya Bukavu, hamuko mbali. Barabara ni mbaya, tunajua, hata sisi inatuchosha. Mje siku ya kugawa mawe, siyo siku ya mkutano na wakubwa. Na ba mama twangaises, muwaulize wa kwanza.