Risala ya wazazi na walezi wa watu wenye sindromu ya Down kuhusu huduma za afya, tarehe 21 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mkuu wa Mkoa na timu yako,
Waganga Wakuu wa Wilaya na Maafisa Ustawi wa Jamii,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi wenzetu, na vijana wetu ambao ndio wenye shughuli,



Siku hii huadhimishwa tarehe 21 ya mwezi wa 3 kwa sababu mwenye sindromu ya Down ana nakala 3 za kromosomu ya 21 badala ya 2. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2011, na tangu 2012 inaadhimishwa kila mwaka. Keki ipo, fulana zipo, na vijana wetu wamejiandaa kukuchezea ngoma. Lakini kabla ya ngoma tunaomba utusikilize, maana tuna malalamiko na tuna madai.

Lalamiko letu kubwa ni moja, mengine ni matawi yake. Mtoto wetu akifikishwa kwenye huduma, ugonjwa alionao hauonekani. Kinachoonekana ni sura yake. Akishindwa kunyonya, tunaambiwa hawa watoto ndivyo walivyo. Akinenepa ghafla, ndivyo walivyo. Akikoroma usiku kucha na kuamka kachoka, ndivyo walivyo. Kwa maneno hayo mgonjwa anarudishwa nyumbani bila kipimo. Kromosomu ya ziada haina dawa. Tunalijua hilo, wala hatukuja kuidai. Tunadai tiba ya maradhi yanayoandamana nayo, ambayo majina yake yanajulikana, umri yanapojitokeza unajulikana, na mengi yanatibika.

Mheshimiwa, nchini Marekani mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down aliishi kwa wastani miaka 25. Leo wastani huo umefika karibu miaka 60. Kromosomu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mioyo ilianza kupasuliwa mapema, na watu hawa wakaanza kutibiwa kama wagonjwa wengine.

MALALAMIKO YETU

1. Moyo unachelewa kupimwa

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi matundu kwenye kuta zinazotenganisha vyumba vyake. Mama mmoja miongoni mwetu alikuwa akimnyonyesha mwanawe dakika mbili tatu, mtoto anaachia titi, anahema, kipaji cha uso kimelowa jasho. Mstari wa uzito kwenye kadi ulilala mwezi hadi mwezi. Alishauriwa aongeze kunyonyesha. Eko ya moyo ilipofanyika, mtoto alikuwa amevuka miaka miwili, na presha kwenye mishipa ya mapafu ilikwishapanda kiasi kwamba upasuaji ungekuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari alisikitika, akasema angeletwa kabla ya miezi sita. Mheshimiwa, aliletwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alikuwa kliniki. Alipimwa uzito, akachanjwa, akarudi nyumbani.

Kusikiliza kifua kwa stetoskopu peke yake hakutoshi, kwani tundu kubwa linaweza lisitoe mlio wowote wiki za mwanzo. Na wako wanaosubirishwa eko mpaka kipimo cha kromosomu kithibitishe hali ya mtoto, wakati kipimo hicho wilayani hakipo. Miezi inayopotea hapo ndiyo miezi ya upasuaji.

2. Tezi haipimwi

Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizembea, mwili wote unazembea. Kwa watu wetu hali hii ni ya kawaida mno, na inaweza kuanza katika umri wowote. Kijana wetu mmoja wa miaka 19 alikuwa akimsaidia mama yake gengeni: anapanga nyanya mafungu, anawaita wateja kwa majina yao. Taratibu akaanza kulala mchana, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito, akaacha hata kusalimia. Mtaani walisema karogwa. Kwenye huduma walisema ulemavu umezidi. Mwishowe kipimo cha damu kikaonyesha homoni za thairoidi ziko chini sana. Sasa anameza kidonge asubuhi kabla ya chai, na amerudi kwenye nyanya zake. Tunajiuliza ni wangapi wamekaa kimya majumbani kwa kukosa kidonge hicho.

3. Masikio, macho, usingizi na shingo

Matundu ya masikio ya watoto wetu ni membamba, na majimaji hutuama nyuma ya ngoma ya sikio. Walio wengi hupungukiwa usikivu kwa kiwango fulani, kisha shuleni wanaitwa wakaidi. Hitaji la miwani ni jambo la kawaida kwao, na mtoto wa jicho huwapata zaidi kuliko watoto wengine. Wengi pumzi huwakatika usingizini kwa sababu ya njia finyu ya hewa na tonsili kubwa.

Lingine ni shingo. Kano zinazoshika mifupa miwili ya juu ya shingo huwa zimelegea, na kwa wachache mifupa hiyo hubana uti wa mgongo. Mtoto aliyebadilika mwendo, aliyeanza kujikojolea upya au anayeinamisha kichwa upande mmoja anahitaji daktari haraka. Mtaalamu wa dawa ya usingizi naye anapaswa kulijua hili kabla ya kuikunja shingo ya mgonjwa mezani. Wazazi wengi hapa hawakuwahi kuambiwa.

4. Namna tunavyopewa habari

Wako waliopata habari kwa kusikia wauguzi wakinong'ona pembeni ya kitanda. Wako walioulizwa wana umri gani, kwa sauti ya lawama. Ni kweli uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini hata mama wa miaka 20 anaweza kujifungua mtoto huyu, na hakuna alichokula wala alichokosea kilichosababisha. Mama akirudi nyumbani na fumbo, ukoo hulijaza kwa laana na mikosi, na mara nyingi baba huondoka. Neno moja la kitaalamu, likisemwa vizuri siku ile, lingeziokoa ndoa nyingi.

5. Rufaa, nauli na barua ya msamaha

Kisera, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure, nasi tunaishukuru Serikali. Aisifuye mvua imemnyea: wamo humu wazazi ambao watoto wao walipasuliwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na leo hawakamatiki kwa mbio. Lakini bure hiyo haimlipii mama nauli, wala godoro la kulalia kwa ndugu akisubiri zamu. Mtoto akishavuka miaka mitano, kila safari inahitaji barua mpya ya msamaha wa gharama: kwa mtendaji, kwa ustawi wa jamii, kisha dirishani, ambako unaambiwa njoo kesho, mhusika yuko semina. Sindromu ya Down haiishi kwa mwaka. Kwa nini barua iishe kwa mwezi?

6. Wakishakuwa wakubwa hawana pa kwenda

Kijana akifika miaka 18, kliniki ya watoto humwaga na kliniki ya wakubwa haimjui. Daktari anamwuliza mama, "Anaumwa wapi?" huku mwenye tumbo ameketi hapo hapo na anaweza kuonyesha kwa kidole. Wanaofikia miaka 40 na kuendelea wako kwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, unaowapata mapema kuliko watu wengine. Hata hivyo, si kila anayenyamaza amepatwa na ugonjwa huo. Wengine ni tezi, masikio au huzuni ya kufiwa. Bila kupimwa, nani atajua?

MADAI YETU

Mheshimiwa, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 25 inazungumzia afya. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kwa msingi huo tunadai yafuatayo:

(a) Ukurasa mmoja wa ratiba ya vipimo ubandikwe ndani ya kadi ya kliniki ya kila mtoto mwenye sindromu ya Down: moyo na picha kamili ya damu anapozaliwa, thairoidi anapozaliwa, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka, masikio kila miezi 6 utotoni, macho kabla ya miezi 6, na dalili za shingo na za usingizi za kuulizia kila anapokuja.

(b) Kila mtoto anayeshukiwa afanyiwe eko bila kusubiri kipimo cha kromosomu, na akija kwa chanjo ya wiki ya 14 awe ameshapimwa au ana rufaa yenye tarehe mkononi. Madaktari wa moyo wanapokuja mkoani kwa huduma za mkoba, watoto wetu watengewe nafasi.

(c) Kipimo cha thairoidi kipatikane hospitali ya mkoa wakati wote, na dawa yake isikosekane wilayani.

(d) Hospitali ya mkoa itenge siku moja kila mwezi ambapo daktari wa watoto, wa masikio, wa macho na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wanamwona mgonjwa siku hiyo hiyo. Watu wazima wapokelewe pia, na waulizwe wenyewe kwanza.

(e) Wakunga na madaktari wa wodi za wazazi wafundishwe kutoa habari: faraghani, wazazi wote wawili wakiwepo inapowezekana, mtoto akiwa mikononi mwa mama, na kwa kumtaja jina lake.

(f) Barua ya msamaha itolewe mara moja kwa mwaka na itambuliwe katika vituo vyote vya mkoa. Familia zisizo na uwezo ziingizwe kwenye orodha ya watakaogharamiwa chini ya sheria ya bima.

(g) Kila kituo kiwe na daftari la watoto na watu wazima wenye sindromu ya Down. Mkoa hauwezi kupanga bajeti ya watu usiowahesabu.

WAJIBU WETU

Hatukuja mikono mitupu. Wazazi wazoefu wako tayari kuitwa wodini kukaa na mama aliyejifungua leo. Tutawafuata majumbani wanaokosa tarehe zao za vipimo. Tutawaleta watoto waliofichwa, tukijua kwamba wakifika watapimwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, likitaja kwa kila dai ofisa atakayelisimamia na siku ya kuanza. Tunaelewa kwamba madai mengine yanahitaji fedha na muda. Lakini dai la kwanza ni karatasi moja na gundi. Hilo tunaomba lianze wiki hii.

Tunaomba kuwasilisha.