Chupa Isiyo na Lebo

Mashambani Kagoma, kama kwingineko Muleba na Bukoba, kiuatilifu huitwa "dawa" tu. Kuna dawa ya kahawa, dawa ya nyanya, dawa ya maharage. Jina hilo moja hufunika kemikali zinazodhuru mwili kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba.

Kundi linalokutwa sana ni la oganofosfeti, mfano klorpirifosi na profenofosi. Hizi hukizuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuizima ishara ya neva ikishafika. Kimeng'enya kikizuiwa, tezi na misuli huendelea kuamrishwa bila kikomo: jasho, machozi na mate humtoka mgonjwa, mboni za macho husinyaa zikawa kama nukta, tumbo humwendesha, misuli hutetemeka. Kinachoua hasa ni pumzi, kwa kuwa njia za hewa hujaa majimaji na misuli ya kupumulia hulegea. Tiba yake ni atropini, ambayo hudungwa na kurudiwa hadi kifua kikauke.

Oganoklorini ni habari nyingine. Humo imo dieldrini, na endosalfani ambayo wengi waliijua kwa jina la Thiodan. Zenyewe huusisimua ubongo: kizunguzungu, kutapika, kisha degedege. Hazina dawa mahususi ya kuzipinga. Daktari hutuliza degedege kwa dawa kama diazepamu na kumsaidia mgonjwa kupumua. Sumu hizi huganda katika mafuta ya mwili na kudumu ardhini miaka mingi, ndiyo maana dieldrini iliingia katika Mkataba wa Stockholm tangu 2001, na endosalfani ikaongezwa 2011. Ziwani, sumu za shambani zilishawahi kuwatia watu hasara: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu kwamba wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu hizo.

Sasa achukuliwe mgonjwa anayefikishwa hospitali ya Rubya, Kagondo au Ndolage, na ndugu zake wamebeba chupa ya maji ya dukani yenye kimiminika cheupe kama maziwa. Lebo ilibaki kwenye kopo kubwa la muuzaji. Mganga hulazimika kukisia kwa kutazama mboni na mate, na dakika zinakwenda. Kwa maoni ya safu hii, kuuza sumu kwa kuipimia kwenye vichupa visivyo na lebo ni kosa zito kuliko mkulima kukosa glavu, ingawa glavu ndizo zinazohubiriwa kila semina.

Sumu nyingi humwingia mpulizaji kupitia ngozi, si mdomo. Bomba la mgongoni huvuja, shati hulowa, naye huendelea hadi jioni. Akianza kuzidiwa hutolewa hapo, huvuliwa nguo zote, huoshwa kwa maji mengi na sabuni, nywele na kucha zikiwemo. Anayemwosha hujikinga mikono. Aliyepoteza fahamu hulazwa kwa ubavu. Aliyekunywa sumu hatapishwi, wala hapewi maziwa, ijapokuwa kila kijiji kina mzee anayeyaapia: maziwa hayaizimi sumu, na mafuta yaliyomo yanaweza kuharakisha ufyonzwaji wa oganoklorini. Chupa yenye lebo husafiri pamoja na mgonjwa.

Kinga huanzia kwenye lebo hiyohiyo. Inataja siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, jambo linalopuuzwa zaidi kwenye nyanya zinazowahi gulio. Mpulizaji huupa upepo mgongo, hali wala havuti sigara kabla ya kunawa. Hata akamwani, kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni, haitolewi kwa mkono uliotoka kushika bomba. Chupa ikiisha husuuzwa mara tatu, maji hayo hurudishwa ndani ya bomba yakapuliziwe shambani, kisha chupa hutobolewa, isije ikageuzwa ya mafuta ya taa au ya maji ya kunywa.