Mabaka ya Kujichorea Nyumbani Nayo Yamo Katika Katazo la Mavazi ya Kijeshi

Mwezi Agosti, 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa siku saba wananchi wanaomiliki sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, wawe wameyasalimisha. Mjadala uliofuata ulielekea zaidi kwa wauza mitumba na wenye maduka. Lipo hata hivyo kundi lisilotajwa sana: vijana wanaonunua koti la kijani, makopo mawili matatu ya rangi na kipande cha sifongo, wakajichorea mabaka wenyewe uani. Wapo miongoni mwao wanaoamini kuwa vazi ambalo halikutoka kambini haliwezi kuitwa la kijeshi. Imani hiyo yaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamkataza asiye askari kuvaa sare ya majeshi pasipo mamlaka, na kinakwenda mbele zaidi: kinagusa pia vazi lenye mwonekano wa sare hiyo au lenye alama zake bainifu. Neno la kupimia hapa ni mwonekano. Sheria haiulizi kitambaa kilinunuliwa wapi wala ni mkono wa nani ulioshika brashi. Imeacha nafasi kwa anayevaa akiwa katika igizo la jukwaani, lakini nafasi hiyo ni ya onyesho lenyewe. Haimfuati msanii hadi stendi ya daladala.

Ikumbukwe kuwa mabaka yenyewe yalianza kama kazi ya wachoraji. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Ufaransa liliunda kikosi maalumu cha kuficha zana, kikiongozwa na mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Mwaka 1918 askari wa Ujerumani walipaka kofia zao za chuma kwa mkono, rangi ya udongo, kijani na kahawia zikitenganishwa kwa mistari myeusi. Kitambaa cha mabaka kilichochapwa kiwandani kwa wingi kilikuja baadaye, Italia, mwaka 1929. Kwa hiyo hoja ya kwamba kilichopakwa kwa mkono si cha kijeshi haina mashiko hata kihistoria.

Uzito wa jambo hili unaonekana usiku. Mwananchi anayesimamishwa njiani na mtu aliyevaa mabaka hana muda wa kuchunguza kama rangi ilichapwa au ilipakwa. Hutii, kwa sababu amezoea kuliheshimu vazi hilo. Mhalifu huitumia heshima hiyohiyo. Kijana asiye na nia mbaya, aliyetaka tu kupendeza, naye hujiweka katika hatari ya kudhaniwa kuwa mhalifu.

Kwa haki, ni vema ikasemwa kuwa mpaka wa kufanana haujawa wazi kwa kila mtu. Mabaka ya kijani na kahawia hayana utata. Je, ya waridi na zambarau? Fundi cherehani anayeletewa kitambaa cha namna hiyo angesaidika sana iwapo matangazo yajayo yangeambatana na picha za mifano, badala ya kumwachia akisie.

Tanzania si peke yake katika hili. Barbados na Jamaika nazo zinawazuia raia kuvaa mabaka, watalii wakiwemo, na msafiri hufanya vema kukagua begi lake kabla ya kuondoka.

Anayehitaji kujificha machoni pa ndege au wanyama, kama mpiga picha wa porini, halazimiki kuvaa mabaka. Nguo ya rangi moja ya kaki au ya majani makavu, na kutulia bila kutikisika, humtosha. Aliye na koti alilolipaka mwenyewe kwa mabaka ya kijeshi asilivae tena, wala asimpe mwingine. Alipeleke kituo cha polisi kilicho karibu na aeleze alivyolipata.