Ziwa Lipumzike, Mazungumzo Yaendelee

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Lengo ni jema. Hata hivyo, kwa familia inayoishi kwa dagaa na migebuka, miezi mitatu ni ada ya shule, dawa na chakula. Ndiyo maana tunaona kwamba namna ya kuzungumza na wavuvi ni sehemu ya kazi yenyewe ya uhifadhi.

Mtaalamu huzungumza lugha ya takwimu. Mvuvi huzungumza lugha ya upepo, mwezi na nyavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa nyakati za giza. Mbalamwezi inapong'aa, wavuvi wengi hupumzika. Afisa anayelifahamu hilo ataitisha mkutano siku za mbalamwezi, asiwaamshe watu waliokesha ziwani. Atawaita pia akina mama wanaoanika na kuuza dagaa, kwa maana ziwa likifungwa, vichanja vyao navyo hubaki vitupu. Ataeleza sababu na muda kwa maneno yanayoeleweka, atasikiliza hoja na kuziandika, kisha atarudi na majibu.

Kurudi huko ndiko kunakosahaulika mara nyingi. Vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, ni daraja kati ya mwalo na ofisi, na daraja hupitika pande zote mbili. Takwimu za samaki zikichukuliwa mwaloni bila matokeo kurudishwa, mvuvi hujiona anachunguzwa tu. Ziwa linapofunguliwa, anastahili kuelezwa ni nini kimebadilika kutokana na subira yake.

Katika Waraka *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba wenyeji wanastahili nafasi ya pekee katika majadiliano ya miradi inayogusa mazingira yao. Basi tunawasihi watendaji waanze kuzungumza kabla ya tangazo kubandikwa. Nao wavuvi tunawasihi wayaseme mkutanoni yale wanayonung'unika mitumbwini. Amri isiyoeleweka huhitaji doria kila usiku. Inayoeleweka hulindwa na wavuvi wenyewe.