Mwacheni Coppedè na madoido yake

Wadau, kuna wataalamu wa majengo ambao ukiwatajia Gino Coppedè wanabinya midomo. Eti hakuwa na mtindo, aliokota kila alichokiona akabandika ukutani. Mimi nasema wamwache mzee wa watu.

Mtaa wake uko Roma. Kazi ilianza miaka ya 1910, na baada ya yeye kufariki mwaka 1927 wengine wakaimalizia. Unaingia kwa Via Dora, chini ya tao kubwa, na katikati ya tao inaning'inia taa ya chuma ya kifahari, ya aina ile ya ukumbini kwa tajiri. Nje! Barabarani! Mbele kidogo ni Piazza Mincio yenye chemchemi ya vyura (1924), jengo lenye buibui juu ya mlango, na nyumba inayoitwa Villino delle Fate.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaudhi zaidi. Hakuna upande unaofanana na mwenzake. Huku amechorwa Dante na Petrarca, kule mbwa mwitu wa Roma na mapacha wake, kwingine simba wa Venice mwenye mabawa. Fujo? Coppedè alizaliwa Florence, na baba yake, Mariano, alikuwa na karakana ya kuchonga mbao. Fundi wa nakshi haachi ubao mtupu. Tazama nyumba ile kama kabati lililochongwa, utaielewa.

Halafu jamani, Roma yenyewe ni nini? Pantheon ni hekalu lililogeuzwa kanisa. Juu ya ukumbi wa maonyesho wa Marcellus, wa enzi za Augusto, watu wamejenga kasri na wakaishi humo. Mbona huko hakuna anayebinya midomo? Mchanganyiko wa miaka elfu mbili wanauita urithi, wa miaka kumi wanauita ushamba. Kosa la Coppedè ni kutosubiri.

Nakubali, zilikuwa nyumba za wenye nazo, na mlalahoi wa Roma hakuambulia hata chumba. Hilo lisemeni, nitawaunga mkono. Lakini habari ya "si halisi" siinunui. Pale pale Piazza Mincio kuna lango alilolitoa kwenye mandhari ya filamu ya Cabiria ya mwaka 1914, wala hakuona haya kuiga sinema. Sinema nayo ililipa deni: Dario Argento alipotengeneza Inferno (1980), kamera alizipeleka hapo hapo.